Mtoto kaumia neva za mkono wakati wa kuzaliwa, hospitali wanataka nisaini karatasi. Nisaini?

MamaHusna_Tga:

Assalam aleikum wana jukwaa, na wengine habari zenu. Nina jambo la kisheria. Wenye ujuzi nisaidieni, wenye kejeli nipiteni tu, nimeshachoka.

Nimejifungua mtoto wa kike hospitali ya wilaya, Mkoa wa Tanga, wilaya naomba nisiitaje. Ni mtoto wangu wa tatu, sasa ana miezi miwili na kidogo. Alizaliwa na kilo 4.4, wenzie wote walikuwa chini ya nne. Nimekaa leba usiku kucha, kichwa kikatoka karibu na alfajiri, mabega yakagoma. Nesi mmoja akapanda kwenye kigoda akawa ananikandamiza tumbo huku juu, chini ya mbavu, mwenzie kashika kichwa anavuta. Sikuwa nimezimia. Nilimsikia anayevuta akisema "huyu hatoki, kaite daktari," mwingine akamjibu daktari yuko tieta. Mtoto katoka hana rangi, hakulia mpaka walipompulizia hewa.

Tangu siku hiyo mkono wa kulia haunyanyuki. Umelala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma na kifundo kimekunjika. Mume wangu akasema kama trafiki anayepokea kitu kidogo kwa mgongoni. Tulicheka, tena tukaona aibu. Nesi wa zamu ya asubuhi nilimwonyesha, akasema kaulalia, utarudi wenyewe. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika "mama na mtoto hali nzuri". Nyumbani mama mkwe akasema mtoto kapitiwa na upepo mbaya, akawa anamchua kwa mafuta ya nazi na kuuvuta mkono ili uzoee.

Aliyenishtua ni nesi wa chanjo za wiki sita. Alipomdunga ya paja, mtoto akapiga kelele na kurusha mkono mmoja tu. Nesi akaiweka sindano chini akaniuliza, "Mama, huu mkono mwingine umeanza lini?" Akatuandikia rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko daktari akasema neva za begani zimeumia wakati wa kuzaliwa, akaandika jina la Erb kwenye fomu, akatupangia mazoezi.

Mume wangu akarudi pale hospitali kuuliza. Siku ya pili tukaitwa. Tukawekwa kwenye ofisi, tukaambiwa wamesikitika na wangependa kutusaidia shilingi laki nne "ya nauli na mazoezi", ila tusaini karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Karatasi imechapwa vizuri: kwamba nimeridhika na huduma, na sitakuwa na madai yoyote sasa wala baadaye, kwa niaba yangu na kwa niaba ya mtoto. Nikajifanya nasoma polepole, huku naipiga picha kwa simu. Sijasaini. Nimesema nataka kushauriana na wazee, wametupa mpaka Ijumaa.

Mume wangu anataka tuchukue. Anasema serikali haishitakiwi na hizo hela zitasaidia kweli, nauli ya Bombo kwenda na kurudi si mchezo. Mimi moyo hautaki. Nimetafuta Google, yanakuja matangazo ya mawakili wa Marekani, "hulipi hata senti mpaka tushinde". Sasa huko nitafikaje?

Maswali yangu: nikisaini nimepoteza nini? Hospitali ya serikali inashitakiwa? Sina hela ya wakili, naanzia wapi? Na la mwisho, hospitali ni hiyo hiyo moja, na yule nesi aliyevuta tunasali msikiti mmoja. Nikidai, mwanangu akiugua nitampeleka wapi?

MzeeWaKahawa:

Pole dada. Mimi nasema chukua hiyo laki nne ushukuru mko hai wote wawili. Wapo watoto mikono ililegea hivyo hivyo na leo wanalima. Hao manesi mnawaonea, mmoja anazalisha wodi nzima usiku kucha, gilavu hakuna, umeme unakatika. Mkishawafunga wote, mtazalishwa na nani?

Fizio_Moshi:

Mzee wangu, hilo la nesi mmoja wodi nzima upo sahihi kabisa. La laki nne tuwaachie wanasheria.

Dada, mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi tiba, nimesomea KCMC, hospitali ya rufaa huku Moshi, watoto wa namna hii ndio kazi yangu. Naomba tuanze na mkono kabla ya mahakama, kwa sababu mahakama inaweza kusubiri na mkono hauwezi.

Mama mkwe, kwa heshima zote, asiuvute tena. Neva zinazotoka shingoni kuja mkononi ni tano, na kwa ulivyoeleza zilizoumia ni za juu, zile zinazonyanyua bega na kukunja kiwiko. Neva iliyovutwa ukiivuta tena huisaidii. Mazoezi ni ya polepole: unashika bega lisikimbie, unanyanyua mkono, unageuza kiganja kitazame juu, unakunja na kukunjua kiwiko. Kila unapombadilisha nepi, mara chache chache, bila kumliza. Kumvalisha anza na mkono mgonjwa, kumvua malizia na huo huo. Usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Mama mkwe akitaka kusaidia, mpe kazi hiyo, atakuwa mlinzi mzuri kuliko sisi.

Weka kidole chako kwenye kiganja chake cha kulia. Akikibana, neva za chini ziko salama na hiyo ni habari njema. Mtazame na usoni: kama kope ya upande wa kulia imelegea au mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya kushoto, mwambie daktari siku hiyo hiyo, maana huenda neva imeng'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Ulizia pia kama walimpiga eksirei ya mtulinga. Wakati mwingine ule mfupa huvunjika katika purukushani hiyo hiyo.

Wengi hupona, Mzee wa Kahawa hajadanganya. Neva iliyovutika bila kukatika huamka yenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo. Lakini si wote. Tunachoangalia ni kiwiko. Mtoto akifikisha miezi mitatu bado hawezi kukunja kiwiko kuleta mkono mdomoni, anatakiwa aonwe na bingwa, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili au huku KCMC, aamue kama panahitajika upasuaji wa neva. Upasuaji huo una msimu wake, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza, kwa sababu msuli uliokaa muda mrefu bila neva hauamki tena hata ukiunganishiwa. Wako yuko miezi miwili. Unaona kwa nini nasema hauwezi kusubiri.

Sasa la kukandamizwa tumbo juu. Mabega yakikwama, mkunga anafundishwa amkunje mama miguu, magoti yaje tumboni, na msaidizi abonyeze CHINI, juu kidogo ya mfupa wa kinena, ili bega liteleze. Kubonyeza juu ya tumbo kunalikaza bega pale pale lilipokwama. Hilo ni la kuandikwa. Ila nisikufiche upande wa pili: mkono unaweza kuumia hata mkunga akifuata kila hatua, na wapo walioumia wakizaliwa kwa upasuaji. Mabega hukwama hata kwa mtoto wa kilo tatu bila dalili yoyote kabla. Mkono uliolegea peke yake haumtii mtu hatiani.

WakiliMlalahoi:

Nimemsubiri fizio amalize maana hayo aliyosema ndiyo kesi yenyewe. Mimi ni wakili mdogo tu, ofisi yangu iko juu ya duka la vipuri, lakini hizi za hospitali nimezishika.

Mama Husna, USISAINI. Soma tena ile picha uliyopiga: "kwa niaba yangu na kwa niaba ya mtoto". Hayo ni madai mawili ya watu wawili. Lako ni gharama ulizoingia na uchungu ulioupata. La mtoto ni mkono wake kwa maisha yake yote, shule, kazi. Wanataka kuyanunua yote kwa laki nne. Kesi ya mtoto ikishakuwa mahakamani, mzazi hawezi kuimaliza kwa makubaliano bila ruhusa ya mahakama, kwa sababu sheria inajua mzazi mwenye shida anaweza kuuza haki ya mwanawe bila kukusudia. Ndiyo maana haraka yote hii ni ya kabla hujafika huko. Wakisema ni msaada tu, waambie watoe msaada bila karatasi. Utaona watakavyojibu.

Shemeji anakosea kwamba serikali haishitakiwi. Hospitali ya wilaya ni ya halmashauri. Kabla ya kufungua shauri unapeleka notisi ya siku 90 kueleza madai yako, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 yeye anaunganishwa kwenye kesi. Shauri linakwenda Mahakama Kuu, na Tanga masjala ipo. Anayeshitakiwa ni mwajiri. Yule nesi wa msikitini hatauza bati za nyumba yake kukulipa. Atakuja kutoa ushahidi, na huenda ukweli wake ukakusaidia wewe. Si alisema mwenyewe aitwe daktari?

Muda: madai ya uzembe ni miaka mitatu. Kwa mtoto, sheria ya ukomo inasimamisha saa mpaka afikishe miaka 18, kwa hiyo la kwake halifi kesho. Lako wewe saa inakimbia. Na hata la mtoto usilikalie, kwa sababu rejesta za leba huliwa na mchwa, manesi huhamishwa, na wewe mwenyewe utasahau nani alisimama wapi.

Hapo ndipo nataka nguvu zako zote ziende kabla hujawaza mahakama: KARATASI. Unataka nakala ya faili lako lote, na ndani yake patografu, ile chati ya uchungu yenye mistari miwili ya mshazari. Itaonyesha njia ilifunguka kwa kasi gani, mstari wa tahadhari ulivukwa saa ngapi, na kama kuna mtu aliyeshituka. Unataka muda kichwa kilipotoka na muda mwili ulipotoka. Unataka jina la daktari wa zamu na saa aliyoitwa, kama aliitwa. Kadi yako ya kliniki: walikupima sukari? Walipima kimo cha tumbo, wakaandika chochote kuhusu ukubwa wa mtoto? Ikiwa patografu ni tupu, au imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja uliotulia, hilo nalo ni ushahidi.

Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, ukurasa mmoja, bila lawama hata moja. "Naomba nakala ya kumbukumbu zangu za uzazi na za mtoto wangu." Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 kujibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayokupa haki ya kufikia taarifa zako mwenyewe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa yenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri, mahakamani haijawahi kuandikwa.

Na leo usiku, kabla hujalala, andika daftarini kila unachokumbuka. Maneno yao kama walivyoyasema. Kigoda kiandike.

Pesa ya wakili: tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri inawajua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani kwenu. Hawa hawasimami mahakamani, ila watakuandikia hiyo barua na kukuelekeza. Kwa wakili wa bure ulizia TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Utakachogharamia hata hivyo ni daktari huru wa kusoma faili na kusema kama kiwango kilivunjwa. Bila yeye mimi na wewe tunapiga porojo tu. Tunza pia kila tiketi ya basi na kila risiti ya dawa. Gharama halisi usipozitaja na kuzithibitisha moja moja, mahakama haikupi, hata jaji akiwa na machozi.

BabaPacha_Dom:

Mimi wangu ni wa kiume, pacha wa pili, mkono wa kushoto, sasa yuko darasa la tatu. Hatukwenda mahakamani. Tulilalamika kwenye baraza la taaluma, tukahojiwa, waliohusika wakahojiwa. Mjue mapema kwamba njia hiyo inamgusa mtumishi na leseni yake. Fidia hakuna huko. Mke wangu alichotaka ni mtu amweleze nini kilitokea, akaelezwa, kwake ikatosha. Mimi haikunitosha, ila ndoa ni watu wawili.

Kijana anaandika kwa kulia, mpira anacheza. Shati la shule kifungo cha juu anafungiwa na pacha mwenzie, na ole wako uwe mtu mwingine ujaribu kumfungia.

Kwa hofu yako ya kutibiwa: sisi hatukuwahi kufukuzwa. Tulipokelewa kwa ubaridi, ndiyo, tena kwa muda. Halafu manesi wakabadilika wakaja wengine.

WakiliMlalahoi:

Nashukuru Baba Pacha. Kwa uuguzi na ukunga ni Baraza la Wauguzi na Wakunga, kwa daktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Unaweza kwenda barazani na mahakamani pia, mlango mmoja haufungi mwingine.

BintKisauni:

Nachungulia kutoka Mombasa. Hayo matangazo ya "hulipi mpaka tushinde", dadangu, usiyape shughuli. Kwetu Kenya Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, yakataa kabisa wakili kuandikiana nawe kwamba atalipwa tu akishinda. Na walioko huku wanaosoma uzi huu wasije wakafuata miaka mitatu ya Tanzania: kuishtaki serikali kwa uzembe kwetu ni miezi 12. Jirani yangu alijua hilo mwezi wa kumi na nne.

MzeeWaKahawa:

Sawa, nimesoma yote. Bado nasema manesi wanaonewa. Ila hiyo karatasi ya kusaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji nami imenikera. Mwenyekiti anajua nini kuhusu neva?

MamaHusna_Tga:

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Ijumaa tulikwenda. Nikawaambia msaada tutaupokea kwa mikono miwili ila karatasi hatusaini. Wakatazamana. Yule aliyekuwa na bahasha akasema basi inabidi waombe kibali upya, akairudisha kwenye droo. Mume wangu njiani hakusema kitu, tulipofika stendi akasema, "Kumbe yule wakili wa mtandaoni anawajua."

Barua nimeandika, msaidizi wa kisheria kanirekebishia sehemu moja tu. Nimeipeleka, muhuri nimepata kwa mbinde. Masjala wakaniambia faili langu halipo, limechukuliwa na "mtu wa ukaguzi", nirudi wiki ijayo. Je, ndiyo limeshapotea hivyo?

Mkono: nimemwekea kidole, anabana! Macho yako sawa yote mawili. Kiwiko bado. Bombo tunarudi Jumanne. Mama mkwe ndiye anayesimamia mazoezi sasa, na juzi kamgombeza shangazi mtu kwa kumshika mtoto kwapani.

Fizio_Moshi:

Kubana ni safi sana. Jumanne waambie waziwazi: "Anakaribia miezi mitatu na kiwiko hakikunji, naomba rufaa kwa bingwa." Usingoje wakuulize. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure hospitali za serikali, kwa hiyo wakitaja malipo uliza ni ya nini. Na eksirei ya mtulinga usisahau.

WakiliMlalahoi:

Faili "likiwa kwa mkaguzi" halijapotea, linasomwa. Nyuma ya nakala yako yenye muhuri andika jina la aliyekujibu, tarehe, saa, na maneno yake. Wiki ijayo nenda na mtu wa pili, mkijibiwa vile vile andika tena. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia ule muhuri. Zikiisha kimya, nitumie picha ya ile barua inboksi, pamoja na ile ya karatasi waliyotaka usaini, notisi nitaiandika mimi.

Na uliza kama rejesta ya leba nayo iko kwa mkaguzi. Ile ni kitabu kikubwa cha wodi nzima, hakibebeki kwapani. Jina lako, uzito wa mtoto na saa aliyozaliwa vimo humo.